Anwani ya Kuazima

Januari 6

Kaka yangu,

Naanza na ya nyumbani ili usisome ukiwa umekunja uso. Sote wazima. Shemeji yako bado yuko kwenye tanuri la mikate, anarudi asubuhi na unga mpaka kwenye kope. Mama mkwe goti linamsumbua, ila mdomo haujaugua. Juzi kamwambia mwenye duka kwamba mizani yake ina njaa kuliko wateja. Mimi nimepata kazi ya kupaka rangi ukuta wa shule ya serikali iliyo mtaani kwako, ile yenye uwanja wa nyasi.

Mpwa wako Chiriku ametimiza miaka saba. Jina hilo alilompa marehemu wifi limetugeukia. Alimwita hivyo kwa sababu alipokuwa mchanga alikuwa hanyamazi, kabla homa haijamchukulia masikio. Sasa mtu akisikia tunamwita Chiriku, kisha akaona hageuki, anadhani tunamfanyia mzaha. Shule ya huku kwetu wamemweka benchi la nyuma na penseli. Anachora mpaka wenzake wameondoka, maana kengele haisikii.

Sasa sikiliza nilichokiona. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakatoka mbio na makelele yao. Nyuma yao likatoka kundi jingine dogo, na hilo halikuwa na kelele. Walikuwa wanaongea kwa mikono. Kaka, si kuashiria kama sisi tunavyomwashiria Chiriku, njoo, kula, lala, acha. Walikuwa wanaongea! Mmoja alikuwa anasimulia kitu kirefu, wenzake wamemzunguka, vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati, mara wote wakaangua kicheko kwa pamoja. Wawili walikuwa wanagombana kutoka pembe mbili za uwanja, mbali kiasi kwamba mimi ningelazimika kupiga kelele. Na kulikuwa na binti mmoja anasengenya, nakuapia, nilimjua kwa mabega tu. Rangi ikanimwagikia kiatuni, sikujua.

Nikashuka nikamfuata mwalimu wao. Akasema wanapokea mtoto yeyote asiyesikia, ilimradi anaishi na wazazi wake ndani ya kata hii. Wa nje hapana, nafasi ni chache na ofisi ni kali. "Unaishi wapi, mama?" Nikamwambia nitarudi.

Getini kulikuwa na foleni ya kuandikisha. Mama mmoja alikuwa anamfundisha mwanawe: "Geti la kwetu rangi gani?" "Kijani!" "Jirani yetu nani?" "Daktari wa meno!" "Humwogopi?" "Sijawahi kumwona." Akafinywa. Kumbe nusu ya foleni wanaishi kwenye nyumba za watu kwa mdomo tu.

Kaka, wewe una vyumba viwili mtaa huohuo, juu ya duka la fundi saa, vimefungwa tangu ulipoondoka. Siombi kuhamia, na mama mkwe hizo ngazi hataziweza. Naomba anwani tu. Simu yako huita mpaka ikachoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mdogo wako


Januari 29

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta salama, nimeiva kwa jua na nimeshiba upepo. Lori la vifaa ndilo linalotuletea posta, na lori lenyewe huja likijisikia, kwa hiyo usihesabu. Daraja lina nguzo tatu sasa. Mpe pole mama kwa goti. Shemeji mwambie mkate wa huku unafaa kujengea.

Umeniandikia habari ya mikono, nami nimeshangaa, ila si kwa sababu unayodhani. Mimi nafanya kazi kwa mikono ya mtu mwingine. Ndani ya kibanda cha kreni sisikii chochote isipokuwa injini. Chini yangu anasimama mtu mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Kidole chake kikizunguka napandisha, kiganja kikishuka nateremsha, ngumi ikifungwa naganda palepale, hata kama chuma kimening'inia juu ya vichwa vya wenzangu. Namwamini kuliko ninavyoamini macho yangu. Lakini maneno yetu ni hayo machache ya chuma na kamba. Huwezi kusengenya kwa hayo. Huwezi kumwambia mtu umelala vibaya. Nimejaribu kuwaza watoto wenye maneno yote, yote kabisa, kwenye vidole vyao, nikakaa na barua yako mpaka chai ikapoa.

Anwani ichukue. Sema mnaishi kwangu. Fundi saa ananipokelea bili ya maji, atakupa ukaionyeshe. Ni mtu wa kukaa na neno.

Ila mlango usifunguliwe. Ufunguo ninao mimi na utabaki kwangu. Hilo usiniulize.

Kaka yako


Machi 11

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mama mkwe anauliza kama huko darajani kuna wanawake au unaishi na vyuma tu. Shemeji yako ameungua kidole, amepona, bado anadeka.

Amepokelewa! Fundi saa alinipa bili bila kuuliza, lenzi imebana jichoni, kana kwamba ananipa chenji. Ofisini nikadanganya bila kupepesa. Nilipotoka nikaona aibu, halafu nikapata hasira kwa kuona aibu. Shule ni ya serikali na mtoto ni wa serikali hiyohiyo, kwa nini mtaa mmoja uwe na mwalimu wake na mtaa mwingine uwe na benchi la nyuma? Shemeji yako alisema, "Mke wangu, tunamfundisha mtoto kuongea kwa kuanza na uongo." Kesho yake yeye ndiye aliyemfunga Chiriku kamba za viatu.

Tunaondoka kabla hakujapambazuka, anasinzia begani kwangu njia nzima. Akifika getini anaamka kama aliyemwagiwa maji, anakimbia bila kuniaga.

Kaka, nikusimulie jambo. Juma lililopita nilikuwa naosha brashi, akanivuta gauni. Akafanya ishara moja kwa kuutupa mkono nyuma ya bega. Sikuelewa. Akaigiza mbwa. Kisha mwalimu, na miwani yake. Kisha mbwa anakimbia, mwalimu anaanguka, madaftari yanaruka, mwalimu anacheka akiwa chini. Halafu ile ishara ya kutupa mkono nyuma ya bega, tena na tena. Kesho yake nikamuuliza mwalimu maana yake. Akasema, "Hiyo ni jana."

Miaka saba tumeongea naye habari ya vitu vilivyo mbele ya macho. Kikombe hiki. Kiatu hicho. Kumbe mtoto alikuwa na jana zake zote, amezibeba peke yake, hana pa kuzitua. Nilikaa kwenye ngazi za shule nikashindwa kwenda kazini.

Sasa neno moja. Ofisi imeanza kuzungukia nyumba. Yule mtoto wa geti la kijani ameshaondolewa. Afisa alikuta geti ni la bluu. Wakija kwetu watataka kuona ndani. Kaka, ufunguo.

Mdogo wako


Aprili 2

Mdogo wangu,

Nimefurahi mno kwa habari ya Chiriku. Hiyo jana nimemwonyesha mtu wangu wa fulana ya chungwa, na sasa tunaitumia. Asubuhi nikichelewa kupanda ananitupia mkono nyuma ya bega, yaani nilipaswa kuwa pale jana.

Mvua zimeanza, mto umekuwa wa rangi ya matofali. Tumepewa buti mpya, zangu zinabana. Nguzo ya nne imekataa kusimama wima kwa siku kadhaa, ikatii. Msalimie shemeji, na mama mwambie ni vyuma tu.

Niandikie maneno mengine mtoto anayojifunza.

Kaka yako


Aprili 20

Kaka,

Tu wazima. Maneno mengine ni haya: mkate, hasira, mwezi, rafiki.

Nilikuuliza kitu ukanijibu buti. Afisa anakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, tumepewa taarifa. Sitavunja kufuli lako. Wewe ni kaka yangu, na najua wifi alitoka mlango ule asirudi. Lakini nijibu, hata kama ni hapana.

Mdogo wako


Mei 8

Kaka yangu,

Goti la mama mkwe limepata nafuu na mikate inauzika. Jibu lako sijaliona. Hii naandika ili ujue yaliyotokea, sikuombi kitu.

Afisa alikuja jana. Ni mama mtu mzima, amevaa raba, unaona kabisa amepanda ngazi za watu wengi. Alikuja na mwalimu wa Chiriku. Tukapanda mimi na mtoto mbele, wao nyuma, fundi saa amesimama chini anajifanya anatazama barabara. Tukafika mlangoni. Kufuli lina kutu, na kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye fremu buibui amejenga utando wake, na vikorombwezo juu.

"Fungua," akasema afisa.

"Ufunguo anao kaka yangu, kasafiri."

"Ninyi mnaingia kwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa kila uongo isipokuwa huo. Afisa hakunipigia kelele. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Chiriku, akamwambia mwalimu, "Muulize yeye. Analala wapi?"

Kaka, ningeweza kumshika mikono. Nilikuwa karibu, viganja vyangu vilishaanza kwenda. Nikakumbuka kwamba kumshika mikono sasa ni kumziba mdomo. Nikavirudisha viganja vyangu nyuma ya mgongo.

Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza Chiriku kitu akakielewa. Alimtazama afisa, akajinyoosha, akaanza. Na mwalimu, sauti chini, akawa anasema yanayosemwa:

"Nalala mbali. Nalala katikati ya bibi na ukuta. Bibi anakoroma. Mimi sisikii, ila kitanda kinatetemeka, ndiyo najua. Baba anarudi asubuhi, ana joto, ananukia mkate. Mama ananivisha viatu nikiwa nimelala. Kwenye basi mama anashika mkoba hivi, anaogopa. Nilidhani kuna mtu tunamkimbia. Hii nyumba siijui. Hapa kuna buibui, ni mzuri."

Mwalimu akanyamaza, akadhani amemaliza. Chiriku akampiga mkononi aendelee.

"Zamani nilidhani watu wakifungua midomo wanatafuna kitu ambacho mimi sipewi. Nilikuwa natazama wamekificha wapi. Sasa najua ni maneno. Na mimi ninayo."

Fundi saa alikuwa ameshapanda mpaka katikati ya ngazi, lenzi bado iko jichoni, chozi linapita chini yake. Mwanangu alikuwa anajifukuzisha shule, neno kwa neno, na mimi niliyemzaa nilikuwa nimesimama pale naomba asimalize. Nilikuwa sijui kwamba anaona hivyo. Sijui nilidhani ndani ya kichwa chake kuna nini. Kuna mtu mzima mle, kaka, na ananitazama tangu siku nyingi.

Afisa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema, "Mama, huyu amesema kweli, na siwezi kuandika kwamba sikumsikia. Nitarudi shule zikifungwa mwezi wa sita. Nikikuta mnaishi hapa, basi anaishi hapa. Nikikuta huyu buibui, nitamwondoa mtoto mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Kisha akamgeukia Chiriku, akamuuliza mwalimu asante inafanywaje, akaifanya. Vibaya, lakini akaifanya.

Mdogo wako


Mei 19

Mdogo wangu,

Barua yako ya Aprili ilifika. Imekaa mfukoni mwangu tangu siku hiyo, imelowa jasho mpaka wino umetanda. Sikujibu kwa sababu sikuwa na hapana wala ndiyo.

Asubuhi ile wifi yako alipokwenda hospitali alisema jioni atarudi. Alikunywa chai nusu, akaacha kikombe mezani. Gauni lake la kijivu lipo nyuma ya mlango. Nilipotoka kumzika nilirudi nikasimama chumbani, nikaona kila kitu kinamngoja. Nikafunga. Nilihisi mtu mwingine akiingia atavuta hewa aliyoiacha, itakwisha. Nikatafuta kazi iliyo mbali kupita zote, nikaipata.

Barua yako ya mwisho nimeisomea kibandani, kreni imesimama. Nikashuka nikamsomea mtu wangu wa fulana ya chungwa yale maneno ya Chiriku, kuhusu kutafuna. Akavua kofia ngumu, akaishika kifuani. Sisi wawili tunajua ishara chache, na chache hizo ndizo zinatufikisha nyumbani tukiwa hai. Mtoto yule alikuwa na zile za njoo na lala tu.

Ufunguo ameubeba dereva wa lori, atauacha kwa fundi saa. Msifungue kwa ajili ya afisa. Hamieni. Mama asipoweza ngazi, abebwe. Fungueni madirisha, hewa itoke. Kikombe kiosheni. Gauni liacheni lilipo.

Kaka yako


Juni 30

Kaka yangu,

Tunakuandikia kutoka kwako. Sote wazima, na mama mkwe ni mzima kupita kiasi. Waoka mikate wanne walimpandisha kwenye kiti, naye akawa anapungia mtaa mzima kama mheshimiwa aliyeshinda uchaguzi. Ameshawajua majirani wote na anajua nani kamchukia nani. Shemeji yako sasa anakwenda kazini kwa miguu.

Kufuli lilifunguka mara ya kwanza, sikulazimisha. Nilimwomba kila mtu angoje nje, nikaingia peke yangu, nikakiosha kikombe. Sikuharakisha. Kisha nikafungua madirisha, Chiriku akaingia mbio.

Afisa alikuja kama alivyoahidi. Alikuta sufuria jikoni, viatu mlangoni, mama mkwe kitandani akimwambia aketi, miguu yake inaonekana imechoka. Akaketi. Alipoondoka alimfanyia Chiriku ile asante yake, na sasa anaifanya vizuri. Amekuwa akijifunza, kaka, mtu mzima yule.

Kuna jambo moja. Chiriku aliliona gauni. Akauliza, la nani? Nikafanya ishara ya mama, nikafanya ya mjomba, ya mke siijui, nikakwama. Kesho yake shuleni nikamweleza mwalimu, naye akamfahamisha, Chiriku akarudi ameshajua ishara ya kufa. Nilidhani ataogopa. Alikaa sakafuni mbele ya lile gauni akaanza kuniuliza maswali ambayo sikujua kama mtoto wangu angeweza kuwa nayo. Alikuwa anatembeaje? Alikuwa anacheka na nini? Alinijua mimi? Nikamwambia, "Alikujua, alikubeba, ndiye aliyekupa jina." Akauliza, "Alipokuwa ananibeba, alikuwa ananiambia nini?"

Mikono yangu ikaishia hapo. Bado najifunza pole pole, na hata kwa mdomo nisingejua. Nikamwambia mjomba ndiye anayejua. Tangu hapo kila jioni anakwenda dirishani kutazama barabara, anarudi ananiuliza, mjomba yuko wapi?

Mdogo wako


Julai 14

Mdogo wangu,

Natumaini wote hamjambo, na mama hajapindua mtaa bado.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nitapanda lori la vifaa likirudi mwisho wa mwezi. Mwambie Chiriku nakuja, na kwamba najua wifi yako alikuwa anamwambia nini. Nilikuwa nasikia kutoka chumba cha pili, na sijasahau hata neno moja. Nitamwambia yote, hata kama itachukua likizo nzima.

Ila kabla sijafika nifanyie jambo. Muulize mwalimu "mke wangu" inasemwaje, kisha niandikie vidole vinakaaje na mkono unapita wapi. Eleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mgumu wa kuelewa. Nataka nianze na neno hilo, na sitaki nilikosee.

Kaka yako